Mahindi Haya Hayauzwi

Kuna swali moja ambalo limegeuka salamu hapa pwani, kuanzia Mtwapa mpaka Marereni. Mtu akikuona na jembe begani hakuulizi tena umeamkaje. Anakuuliza: "Hapo utatoa ngapi?" Ukimjibu kwamba utatoa mahindi, anacheka, kisha anangoja umalize. Kwake yeye mahindi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni shilingi.

Mimi nalima robo ekari Msabaha, kati ya Gede na Malindi mjini. Sehemu moja nimepanda mahindi matamu, yale ambayo wengi wetu tunayajua kwa mkebe wa supamaketi. Sehemu nyingine ina mahindi yetu ya kawaida, kunde, mabamia na mchicha. Sijawahi kuuza hindi hata moja na nia hiyo sina. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wakiitetea furaha kama yangu kwa minong'ono, kama waliokamatwa na mali ya wizi. Wacha leo niitetee kwa sauti. Kulima kwa ajili ya kuridhika, kula na kugawa ni kazi kamili. Anayetuambia kwamba shamba lisiloingiza pesa ni shamba lililolala, huyo anatupotosha, na kupotosha kwake kuna gharama.

Hebu tuanze na wahubiri wenyewe. Unawajua. Wanakuja na fulana za rangi moja, hema, viti vya plastiki na maji ya chupa. Semina inafunguliwa kwa sala na kufungwa kwa hesabu. Na hesabu yenyewe, bwana wee, ni tamu kuliko mahindi: ekari moja inaingia miche kadhaa, kila mche unazaa mahindi mawili, kila hindi lina bei yake, toa gharama, zidisha kwa misimu miwili, na hapo mtu amekwisha kununua pikipiki na mbegu bado haijaingia ardhini. Nimekaa kwenye semina tatu za namna hiyo. Katika hesabu zote tatu hapakuwa na tumbili. Hapakuwa na kiwavijeshi, mdudu aliyeingia Kenya mwaka 2017 na hajafikiria kuondoka. Hapakuwa na mvua ya mwaka iliyochelewa wiki tano, wala dalali anayefika na lori jioni kwa sababu anajua mzigo wako hauwezi kulala.

Niliponyanyua mkono kuuliza kuhusu tumbili, kijana aliyekuwa akifundisha alinijibu kwa adabu zote: "Mzee wangu, hiyo ni akili ya zamani. Siku hizi shamba ni ofisi."

Shamba ni ofisi! Mimi nimekaa ofisini miaka ishirini na sita, nikipiga mihuri na kungoja saa kumi na moja ifike. Nililima ili nitoke huko. Sasa mtu ananifuata na ofisi yake mpaka kwenye matuta.

Kama jambo hili lingeishia kwa wazee wenye pensheni ndogo kama mimi, lisingekuwa na uzito wa kuandikiwa. Lakini limefika kwa watoto. Vilabu vya 4K vilivyofufuliwa rasmi mwaka 2021 ni kitu kizuri, na wengi wa umri wangu tulipandia mboga zetu za kwanza humo. K zile nne ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Zihesabu tena. Kuuza haimo, na neno hilo linaanza na K vilevile. Waliotaka kuliweka wangeliweka. Leo mtoto akipanda maharagwe kwenye kopo, mtu mzima anamuuliza atauzia nani. Kabla hajajua jani la kwanza linatokaje, amekwisha kufundishwa kwamba jani lenyewe halitoshi.

Sasa nilete hoja ambayo kikokotoo hakiiwezi.

Hindi tamu linaanza kupoteza utamu wake pale pale linapovunjwa kwenye bua. Sukari iliyomo ndani ya punje inageuka wanga. Katika joto la nyuzi 30, ambalo kwetu ni mchana wa kawaida tu, hindi tamu la aina za zamani linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja. Ndiyo sababu wanaolifanyia biashara wanalikimbiza kwenye barafu, na ndiyo sababu wataalamu wa mbegu wamezalisha aina mpya zinazoshika sukari muda mrefu zaidi. Lakini hindi lililovunjwa Msabaha alfajiri, likafungwa kwenye gunia, likamngoja dalali, likapanda lori na kulala Kongowea, likifika kwa mlaji limebaki jina.

Fikiria maana yake. Hindi tamu kuliko yote halinunuliki. Sisemi kwamba ni ghali. Nasema sokoni halipo, halijawahi kuwepo, na haliwezi kuwepo. Tajiri anaweza kutua na ndege yake hapa Malindi na bado asilipate, ila awe na shamba au awe na rafiki mwenye shamba. Nyumbani kwangu kanuni ni moja: sufuria inateng'wa kwanza, maji yanatokota, halafu ndipo mtu anatumwa kwenda kuvunja. Kutoka kwenye bua mpaka kwenye maji hazipiti dakika tano. Mengine tunayachoma kwa makaa na kuyapaka ndimu, chumvi na pilipili. Mengine mke wangu anayakata vipande na kuyapika kwa tui zito mpaka tui linashika. Na hata mahindi yetu ya kawaida, yakivunjwa mabichi na kuliwa saa ileile, yana utamu ambao mwenye kuyanunua barabarani hajawahi kukutana nao.

Soko lina mizani ya uzito. Lina macho ya kuona ukubwa na rangi. Utamu wa dakika tano halina pa kuupimia, kwa hiyo linatuambia haupo. Hapo ndipo mimi na wahubiri wa faida tunapoachana njia. Wao wanasema kisichopimwa kwa shilingi ni upotevu. Mimi nasema baadhi ya vitu bora vinavyotoka ardhini hufa vikikaribia tu mizani.

Halafu kuna unafiki ambao siwezi kuupita kimya. Tembea ufukweni kutoka Watamu uje mpaka Casuarina. Utaona ua baada ya ua, hoteli na majumba ya kifahari, na ndani yake nyasi. Nyasi zinazokatwa kila wiki na kumwagiliwa asubuhi na jioni, katika kaunti ambayo kuna akina mama wanaotembea nusu siku na mitungi. Zile nyasi haziliwi na mtu wala na mbuzi. Je, umewahi kumsikia afisa yeyote akimuuliza mwenye nyasi atatoa ngapi? Akisema anapenda tu kuamka na kuona kijani, tunamuelewa, tunasema ana jicho la uzuri. Mimi nikisema napenda kuamka na kuona mbelewele zikipepea kusi linapoanza kuvuma, naambiwa sina malengo. Burudani ya mwenye pesa inaitwa mandhari. Burudani ya mkulima inaitwa uvivu. Na yangu angalau inaliwa.

Tena msidhani swali la "utatoa ngapi" ni geni katika ardhi hii. Lina historia, na historia yake si nzuri. Malindi ilipofufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ilifufuliwa kwa hesabu: mtama na ufuta wa kupakia majahazini, vikilimwa na watumwa katika mashamba makubwa. Kwa daftari la faida, Malindi ilikuwa ghala la kusifiwa. Waliolima walikuwa na siku mbili za wiki za kujilimia vijishamba vyao vidogo. Siipambi dhuluma ile hata kidogo. Kijishamba hakiwi fidia ya utumwa. Ninachosema ni kwamba katika ekari zote zile, mahali pekee ambapo mtu alikuwa na neno juu ya atakachopanda na atakachokula palikuwa pale ambapo bwana hakuwa akipahesabu sana.

Kisha wakaja Waingereza na daftari lao. Walitaka vibarua kwa mashamba ya walowezi wa pwani, na Wagiriama hawakuona sababu ya kwenda. Walikuwa na nafaka zao, walikula, na ziada waliiuza walipotaka wenyewe. Hilo ndilo lililowakera watawala: watu wenye chakula chao hawalazimishiki kwa urahisi. Mekatilili wa Menza akawaambia watu wake mwaka 1913 wasitoe vijana wao. Mwaka 1914 kukawa na vita, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na Wagiriama wakafukuzwa kutoka kaskazini ya mto Sabaki, walikokuwa na ardhi nzuri ya nafaka. Ukisoma habari hizi ukiwa na jembe mkononi unaelewa jambo ambalo semina haitakuambia. Aliye na mahindi yake uani ana uwezo wa kusema hapana. Wapo watu ambao neno hilo halijawahi kuwapendeza.

Hata baada ya Uhuru tuliahidiwa utajiri kwa zao moja baada ya jingine. Korosho ilikuwa mwokozi wetu. Kiwanda kikajengwa Kilifi miaka ya 1970, na miaka ya 1990 kikafungwa, watu wakabaki na mikorosho isiyo na mnunuzi. Baadhi wakaikata kuni. Mwaka 2014 ukaja Galana-Kulalu, ranchi inayokaa Kilifi na Tana River: ekari milioni moja kwenye makaratasi, ekari 10,000 za shamba la mfano, na mahindi ambayo yangeshusha bei ya unga nchi nzima. Mkandarasi aliondoka kabla kazi haijakamilika. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga ilipita shilingi 200. Sifurahii kushindwa kwa mradi ule, laiti ungefaulu. Nauliza tu: kwa nini mabilioni yakipotea kwenye ekari 10,000 tunaambiwa tuvute subira, lakini mimi nikipanda mistari kumi ya mahindi kwa raha zangu ndiye ninayehojiwa kuhusu matumizi mazuri ya ardhi?

Najua jibu linalokuja, na ni jibu zito. "Wewe una pensheni. Watu wa Ganze na Magarini wanalala njaa, na wewe unatuletea hadithi za kuridhika?" Swali hilo siwezi kulikimbia, kwa sababu Ganze nina ndugu. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana msimu juu ya msimu, na niliwaona watu wazima wakigawana kikombe cha uji.

Lakini tuwe wakweli kuhusu njaa ile. Hakuna aliyelala njaa Ganze kwa sababu alilima kwa mapenzi mno. Walilala njaa kwa sababu mvua haikunyesha, na kwa sababu waliokuwa na akiba walikwisha kuiuza. Kila mwaka ni yaleyale. Mavuno yanatoka, ada za shule zinadai, dalali yuko mlangoni, gunia linaondoka kwa bei ya kutupa. Ukifika Januari mtu huyohuyo anarudi dukani kununua unga wa mahindi kwa bei ya juu, pengine ni mahindi yake mwenyewe yaliyokwenda kutembea na kurudi yamevaa pakiti. Bibi zetu walikuwa na uchaga juu ya jiko, mahindi yananing'inia kwenye moshi, bungo hapati nafasi. Uchaga ule haukuingiza hata senti. Ulimaliza kiangazi, basi.

Sisemi watu wasiuze. Anayehitaji kuuza na auze, na apate bei ya haki, na dalali abanwe. Mkulima wa biashara ni ndugu yangu na embe lake la boribo nalinunua. Ninachokataa ni kipimo kimoja kulazimishwa kwa kila jembe. Na nakataa zaidi kuambiwa kwamba maskini hawana haki ya kupenda kitu. Jirani yangu mmoja, mama mjane anayefua nguo za watu, ana kipande cha ardhi kinachotosha vitanda viwili vya kulala. Amepanda mnavu, mchunga na mashina tisa ya mahindi. Siku moja mgeni alimshauri ang'oe vyote apande pilipili za kuuza. Akamjibu: "Mwanangu, siku nzima mikono yangu ni ya watu. Hapa ni yangu." Mgeni hakuwa na la kusema. Mimi pia sina la kuongeza.

Tena wanaodhani bustani ya namna hii ni ubinafsi, mtu kujifungia na raha zake, hawajawahi kupanda mahindi matamu. Mahindi hayana faragha. Chavua inapeperuka kutoka kwenye mbelewele na kutua kwenye ndevu za mahindi, na kila unywele mmoja wa zile ndevu ni punje moja inayongoja. Upepo hautambui ua. Chavua ya mahindi ya kawaida ya jirani ikiingia kwenye mahindi yako matamu, punje zinakuwa za wanga msimu huohuo, utamu kwaheri. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, inanibidi nipige hodi. Nakaa na jirani wa kushoto na wa kulia, tunakunywa chai, tunakubaliana nani atangulie kupanda na nani angoje wiki tatu, ili mimea yetu isichanue pamoja. Maongezi hayo yalianza kwa mahindi. Siku hizi tunazungumza mpaka mpaka wa shamba ambao baba zao waligombania.

Na mbegu ndiyo kabisa. Punje ya hindi tamu ikikauka inakunjamana kama ngozi ya kiwiko, kwa sababu haina wanga wa kuijaza. Wageni wakiiona wanadhani imeoza. Mimi nahifadhi aina isiyo chotara, nachagua mahindi bora ya katikati ya shamba, nayakausha na kuyagawa. Wazee wa huku walikuwa na mbegu zao za mahindi kabla ya maduka ya pembejeo, na majina yake bado yanatajwa: mdzihana, mingawa, kanjerenjere. Zilitufikia kwa sababu mtu alimpa mtu. Marekebisho ya sheria ya mbegu ya mwaka 2012 yalifanya kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa jinai, kwa adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo wakaenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinavunja katiba. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi mimi. Fikiria ni akili ya namna gani inayoweza kuitazama mbegu iliyofungwa kwenye pembe ya leso, inatoka kwa shangazi kwenda kwa mpwa wake, na kuona humo uhalifu. Ni akili ileile ya "utatoa ngapi." Ikizidi nguvu, haiishii kuidharau zawadi. Inaipiga marufuku.

Wewe unayesoma jarida kama hili unalijua jambo hili hata kama hujawahi kushika jembe. Umewahi kukesha na shairi ambalo hakuna atakayelilipia. Umewahi kuulizwa, "Na hiyo kuandika inakulipa?" na ukatazama chini. Usitazame chini. Anayekuuliza hivyo ndiye anayeniuliza mimi kuhusu mahindi yangu, na tukimwacha aendelee ataingia mpaka jikoni atuulize chapati za kwetu zina faida ya asilimia ngapi.

Kwa hiyo nina maombi machache. Maafisa wa kilimo wa kaunti, mkija kwetu ulizeni kwanza tunakula nini na tungependa kula nini, kabla ya kuuliza tunauza nini. Walimu, mpeni mtoto kitanda cha mboga ambacho mavuno yake yataliwa palepale shuleni, kwa mikono yenye udongo, bila daftari la mapato. Makanisa na misikiti yenye ardhi isiyotumika, wapeni wajane na vijana mistari ya kupanda watakacho, na msiwadai ripoti. Na wewe jirani, ukimkuta mtu ameinama shambani jioni, msalimie. Muulize hali. Mwambie yamestawi, kama yamestawi.

Mvua ya mwaka ikikaribia, andaa kipande chochote ulichonacho, hata kama ni upana wa mlango. Panda kwa fungu, mistari minne mifupi sambamba. Mstari mmoja mrefu unanyimwa chavua na mahindi yanatoka na mapengo. Mbegu ninazo, kwenye chupa ya kioo yenye majivu. Pita uchukue. Haziuzwi.